Ultramarathoni ya majaribio: jinsi ya kujipima kabla ya mbio kubwa

Mwaka 1970, huko Cape Town, ziliandaliwa mbio za kilomita 56 kwa lengo moja: wakimbiaji wapate pa kujipima kabla ya Comrades, zile mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zilizoanza mwaka 1921. Mbio hizo za kujipima ndizo leo zinaitwa Two Oceans, nazo zimekua mpaka maelfu ya watu huzikimbia bila kufikiria mbio nyingine yoyote. Wazo la mwanzo lakini halijachakaa: kabla ya safari kubwa, nenda safari fupi inayofanana nayo, uone ni nini kitakachokatika.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana mbio kubwa kwenye kalenda, iwe ya kilomita 80, 100 au 160, na anataka kukimbia ultramarathoni fupi, yaani mbio inayozidi urefu wa marathoni, kabla yake kama kipimo. Nachukulia kwamba umeshamaliza angalau marathoni moja, kilomita 42.195, na kwamba miguu yako imezoea kukimbia saa tatu hadi nne mwishoni mwa juma. Kama bado hujafika hapo, jenga msingi huo kwanza. Jaribio la saa nane halimpimi mtu asiye na msingi, linamuumiza tu.

Andika maswali kabla ya kujiandikisha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza hapohapo mara ya kwanza. Niliingia mbio za kilomita 50 nikijiambia "haya ni mazoezi tu", bila kuandika chochote. Bastola ya kuanzia ilipolia, nikaona watu ninaowafahamu wananipita, nikawafuata. Nilimaliza kwa muda mzuri, nikakaa wiki tatu miguu haitaki kukimbia, na siku ya mbio kubwa ilipofika sikuwa na jibu la swali hata moja lililonihusu. Tumbo langu linapokea nini baada ya saa sita? Soksi zipi hazinichubui zikilowa? Mlima upi niupande kwa kutembea? Nilikuwa nimelipa gharama yote ya mwili bila kununua chochote.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike maswali yasiyozidi matano. Kila swali liwe na jibu linaloonekana kwa macho. "Je, niko fiti?" si swali, lifute. Maswali ya kweli yanafanana na haya:

- Je, naweza kula gramu 60 za wanga kila saa, kwa saa nane, bila kutapika?
- Je, mwendo niliopanga unaniachia miguu ya kukimbia tambarare katika kilomita kumi za mwisho?
- Je, begi hili likiwa limejaa maji linanikwaruza mabegani?
- Je, naingia na kutoka kituoni, pale pa maji na chakula njiani, ndani ya dakika tatu?

Chini ya maswali, andika pia usichokitafuta: nafasi, na muda wako bora. Karatasi hiyo utaihitaji asubuhi ya mbio, damu ikiwa imechemka na kila mtu akikimbia kana kwamba mwisho uko kona ya mbele.

Chagua umbali, tarehe na ardhi

Umbali unaotosha kwa wengi ni nusu hadi theluthi mbili ya ule wa mbio kubwa. Anayelenga kilomita 100 ajipime kwa 50 au 60. Anayelenga 160 atafute 80. Ukizidi hapo, jaribio linageuka kuwa mbio kubwa ya kwanza, na mwili hautakuwa umepona ya pili ikifika.

Kuhusu tarehe, napendelea wiki nne hadi nane kabla. Chini ya wiki tatu hujapumzika. Upande wa pili, ukikaa mbali mno unapoteza faida moja ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha. Unaposhuka mteremko, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa na kurefuka. Kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli na kukufanya ushuke ngazi kinyumenyume siku mbili baadaye. Lakini misuli iliyoumia hivyo mara moja, ikapona, huumia kidogo zaidi ikirudishwa kwenye kazi ileile, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa kabla ya kufifia. Jaribio lenye miteremko, likifanywa wiki tano au sita kabla, linakupa majibu na linakuachia mapaja yaliyokomaa.

Ardhi nayo lazima ifanane. Comrades iko kwenye lami, na wakimbiaji wanapewa saa 12. UTMB, iliyoanza mwaka 2003, inauzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, ikiwa na zaidi ya kilomita 170 na mwinuko wa takriban mita 10,000. Anayejiandaa kwa ile ya pili hawezi kujipima kwenye barabara tambarare, hata akikimbia kilomita 80 zake. Kama hupati mbio zinazofanana sana, linganisha mambo mawili tu, mwinuko kwa kila kilomita na saa utakazokuwa miguuni. Hali ya hewa ikilingana pia, shukuru.

Pima jasho, kisha fanya hesabu ya chakula

Kazi hii ifanye wiki tatu au nne kabla ya jaribio. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja kwa mwendo wa mbio katika joto unalolitarajia, rudi, jikaushe, ujipime tena. Mfano: ulikuwa kilo 68.0, umerudi na 67.3, na njiani umekunywa nusu lita kasoro mililita mia. Umepungua gramu 700, ongeza mililita 400 ulizokunywa, basi unatoa jasho la lita 1.1 kwa saa. Usikimbilie kusema kwamba utakunywa lita 1.1 kila saa. Namba hiyo inakuonyesha ukubwa wa upotevu, ili ujue ubebe chupa ngapi kati ya kituo na kituo. Kiasi cha kunywa kiongozwe na kiu.

Nasisitiza kiu kwa sababu hatari ya kunywa kupita kiasi ni ya kweli. Mtu akimimina maji mengi kuliko mwili unavyoweza kuyatoa, sodiamu kwenye damu inashuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuvimba na kuchanganyikiwa, na watu wamewahi kufa kwa hali hiyo katika mbio ndefu. Mkimbiaji anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi, na vidonge vya chumvi havimkingi anayeendelea kunywa vivyo hivyo.

Sasa chakula. Kwa makadirio ya kawaida, kukimbia kunatumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65 akikimbia kilomita 60 atatumia karibu kilokalori 3,900. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni wa kilokalori 2,000 hivi. Akila gramu 60 za wanga kwa saa kwa muda wa saa nane, ameongeza gramu 480, sawa na kilokalori 1,920. Mafuta ya mwili nayo yanachangia muda wote, ila kasi yake ni ndogo. Ndiyo maana asiyekula huzima ghafla akiwa na mafuta tele mwilini.

Anza na gramu 30 hadi 60 kwa saa. Wapo wanaofika 90, lakini hao huchanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja ina mlango wake wa kupita kwenye utumbo, tena wamelizoesha tumbo kwa wiki nyingi. Tumbo linafundishika kama misuli. Kila mbio ndefu ya mazoezi, kula kile utakachokula siku ya jaribio, kwa saa ileile.

Wiki mbili za mwisho

Punguza kilomita, usipunguze siku. Wiki ya kwanza kimbia kama theluthi mbili ya kawaida yako, ya mwisho nusu au pungufu. Kwa kuwa hili ni jaribio, usipumzike sana kama vile ni mbio kubwa. Miguu yenye uchovu kidogo inasema ukweli zaidi. Viatu viwe vimeshakimbia angalau kilomita 50. Kucha zikatwe siku tatu kabla, si usiku wa mwisho, maana kidole kilichokatwa vibaya kinahitaji muda wa kupona. Kila kitu cha lazima kwenye mbio kubwa, kama koti la mvua, taa ya kichwani au filimbi, kiingie kwenye begi hata kama jaribio halikidai. Unapima mzigo pia.

Siku yenyewe: theluthi ya kwanza ni ya kujizuia

Tuseme mbio kubwa ni kilomita 100 na unalenga saa 14. Hizo ni dakika 8 na sekunde 24 kwa kila kilomita, vituo vikiwamo. Jaribio la kilomita 60 kwa mwendo huohuo linachukua saa 8 na dakika 24. Huo ndio muda wako. Ukimaliza kwa saa saba umefeli jaribio, hata ukipigiwa makofi, kwa sababu umepima mwendo ambao hutautumia.

Njia ninayoiamini ni kutembea kwa ratiba tangu mwanzo. Kimbia dakika 25 kwa mwendo wa 7:30 kwa kilomita, tembea dakika 5 kwa mwendo wa 10:00. Katika nusu saa umeenda kilomita 3.8, wastani wa 7:50. Yaani matembezi yote hayo yamekugharimu sekunde 20 tu kwa kilomita! Kwa kilomita 60 unapata saa 7 na dakika 50, ongeza vituo vinane vya dakika tatu kila kimoja, inakuwa saa 8 na dakika 14. Umebakiwa na dakika kumi za dharura. Kwenye milima ratiba inavunjika, na hapo kanuni ni nyepesi: mwinuko usioona kilele chake, tembea, mikono ikisukuma mapaja. Mteremko, shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, usijivunje kwa kuegemea nyuma.

Kipimo cha mwendo katika kilomita 20 za kwanza ni mdomo wako. Uweze kusema sentensi nzima, yenye nukta mwishoni, bila kudaka pumzi. Ukianza kuikata vipandevipande, punguza. Saa ya mapigo ya moyo inasaidia mwanzoni, ila baadaye mapigo hupanda yenyewe kwa joto na upungufu wa maji hata kama mwendo haujabadilika, kwa hiyo usiwe mtumwa wake.

Dakika tano za kutembea zina kazi zake: kula, kunywa, na kujikagua. Mimi naanzia chini kwenda juu. Vidole, nyayo, magoti, nyonga, tumbo, mabega, kichwa. Nikihisi joto dogo chini ya wayo, mahali pamoja, nasimama papo hapo. Joto hilo ni lengelenge linalozaliwa. Unakaa kwenye jiwe, unavua kiatu, unakung'uta mchanga ambao hukujua umeingia, unafuta ngozi mpaka ikauke, unabandika plasta bila mkunjo hata mmoja, unavaa soksi taratibu. Dakika nne. Anayesema atashughulikia kituo kijacho hupoteza dakika arobaini jioni akichechemea. Mahali pa kuchubuka, yaani makwapani, katikati ya mapaja na chini ya mikanda ya begi, paka mafuta ya mgando asubuhi, na urudie katikati ya safari.

Tumbo likigoma

Andaa akili kwamba litagoma. Ukikimbia, damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na utumbo unabaki na kidogo. Kadiri unavyokaza mwendo na joto linavyopanda, ndivyo chakula kinavyokaa tu, kikichezacheza.

Nakumbuka jeli moja niliyoifungua kwenye kilomita ya 44. Nilirarua pakiti kwa meno, utamu ukagusa ulimi, koo likafunga. Nilisimama na kile kitu mdomoni, siwezi kumeza, sitaki kutema, machozi yananilenga. Saa nne nzima nilikuwa nimekula utamu wa aina moja. Kituoni nilipata kipande cha kiazi cha kuchemsha kilichochovywa kwenye chumvi, nikakitafuna kwa dakika mbili, na koo likafunguka. Jibu la swali langu la kwanza lilikuwa pale: baada ya saa ya nne, mwili wangu unataka chumvi na kitu cha kutafuna. Katika mbio kubwa iliyofuata nilibeba vyote viwili, na sikutapika.

Kichefuchefu kikija, fuata mpangilio huu. Punguza mwendo, tembea dakika kumi hadi kumi na tano. Poza kichwa na shingo kwa maji. Acha kula kabisa kwa muda huo, unywe mafunda madogo. Kisha jaribu chakula kidogo chenye ladha tofauti. Ukitapika na ukajisikia nafuu, anza upya taratibu. Ukitapika mfululizo na hakuna kinachokaa, jaribio limekwisha.

Usimeze dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni ukiwa unakimbia. Figo tayari ziko kwenye shida kwa upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika, na dawa hizo zinaongeza mzigo. Zaidi ya hapo, zinazima kengele uliyokuja kuisikiliza.

Vituoni

Mita mia mbili kabla ya kituo, sema kwa sauti vitu vitatu utakavyofanya. "Jaza chupa mbili, chukua chakula, paka mafuta." Vifanye, ondoka, ule ukitembea. Kiti ni cha mwenye tatizo la mguu tu. Kama una wasaidizi kwenye mbio kubwa, waje pia kwenye jaribio; nao wanahitaji kujua unavyoongea ukiwa umechoka, na kwamba "sitaki kitu" ya saa ya saba mara nyingi maana yake ni njaa.

Wakati wa kusimama

Sheria hizi ziandikwe nyumbani, maana kwenye kilomita ya 50 kila mtu ana hoja nzuri ya kuendelea. Simama kama maumivu yamebadilisha hatua yako na dakika kumi za kutembea hazikuirudisha. Simama kama maumivu yako kwenye mfupa, mahali unapoweza kuonyesha kwa ncha ya kidole. Simama kama umechanganyikiwa, kifua kinauma, unaona kizunguzungu kisichoisha, au umeacha kutoa jasho huku mwili unawaka. Katika hizi za mwisho, mtafute mhudumu wa afya mara moja.

Uchovu, hasira, kulia, kutamani nyumbani, hayo si sababu. Karibu kila mtu hupitia kipindi kimoja cha giza, na mara nyingi kinaondoka nusu saa baada ya kula. Jaribio zuri linakupa nafasi ya kukipitia mara moja ukiwa na muda wa kutosha, ili kikikujia tena usiku wa mbio kubwa ukitambue.

Jioni na siku zinazofuata

Kabla ya kulala, hata kama mwandiko unatetemeka, rudi kwenye karatasi ujibu kila swali. Usingoje kesho, kesho utakumbuka medali na kusahau bega lililochubuka. Andika ulikula nini kila saa, kikomo kilikuwa wapi, kituo gani ulikaa sana na kwa nini.

Kula, kunywa kwa kiu, na uangalie mkojo. Ukiwa wa kahawia uliokolea kama chai nzito, au usipopata mkojo kabisa kwa saa nyingi, nenda hospitali usiku huohuo, kwani huenda misuli iliyovunjika inaziba figo. Siku tatu hadi nne usikimbie, tembea tu. Kisha dakika 30 za polepole, siku moja ndiyo, moja hapana. Mazoezi makali yasubiri siku kumi hadi kumi na nne, hata ukijisikia mwepesi siku ya tano, kwa sababu maumivu huondoka kabla ya misuli na kano kupona.

Halafu geuza majibu yawe mpango. "Tumbo liligoma saa ya tano" andika: gramu 45 kuanzia saa ya nne, chakula cha chumvi kila baada ya saa moja. "Bega la kulia lilichubuka" andika: kaza mkanda wa kifuani, plasta kabla ya kuanza. "Kilomita kumi za mwisho nilitembea" andika mwendo mpya, mpole kwa sekunde 20, na ukubali muda mpya unaotokana nao. Wiki tatu baada ya jaribio, toka kwa mbio ya saa tatu ukiwa na mabadiliko hayo yote mwilini na kwenye begi, ukila kwa ratiba mpya tangu nusu saa ya kwanza. Kilichokubali hapo kinaingia kwenye mbio kubwa. Kilichokataa, kiache nyumbani.